Je, Wajua? Viambishi Vinavyouliza "Ulikusudia?"

Kila anayesema Kiswahili hujenga kitenzi kwa kupanga vipande: nani, lini, nini, kisha mzizi, kisha mnyambuliko. Watu waliokaa chini wakabuni lugha mpya, iwe kwa ajili ya filamu, kwa ndoto ya amani ya dunia au kwa mchezo wa akili tu, nao walilazimika kuamua kipande gani kikae wapi. Wengine hawakutosheka na vipande vya wakati. Walitengeneza viambishi vya kueleza hali ya tendo, yaani limeanza, linaendelea au limekamilika, pamoja na mamlaka ya mtenda juu ya tendo lake: alikusudia, alikuwa radhi, aliogopa, au lilimponyoka tu. Haya ni baadhi ya maajabu yao, na machache ya lugha za asili zinazofanana na zao.

Kiklingoni kina "-me-" mbili, na moja ni ya makusudi

Kiklingoni ni lugha ya mashujaa wa anga za mbali katika filamu za Star Trek. Maneno machache yake yalisikika katika filamu ya kwanza ya 1979, lakini aliyeifanya lugha kamili ni mwanaisimu Mmarekani Marc Okrand, kwa ajili ya filamu ya tatu iliyotoka 1984. Kamusi yake ilichapishwa 1985.

Katika lugha hiyo tendo lililokamilika huonyeshwa kwa kiambishi tamati, ila viko viwili. Kiambishi -pu' husema tendo limekwisha, basi. Kiambishi -ta' husema limekwisha, na mtenda alilikusudia tangu mwanzo.

Tuchukue mtoto na glasi. HIvje' ghorpu' puq: mtoto amevunja glasi, wala hatuambiwi zaidi. HIvje' ghorta' puq: mtoto amevunja glasi, na ndivyo alivyotaka. Mpangilio wa maneno nao umepinduliwa: kitendwa hutangulia, kitenzi hufuata, mtenda huja mwisho. Kiswahili kingehitaji kuongeza neno zima, "makusudi" au "kwa kusudi". Mklingoni humaliza mashtaka kwa silabi moja. Ndiyo maana -ta' haiwezi kutumika kueleza ajali. Anayeitumia amekwisha kutoa hukumu.

Kuendelea nako kuna aina mbili

Okrand hakuishia kwenye yaliyokwisha. Kwa matendo yanayoendelea alitoa -taH na -lI'. Cha kwanza husema tu kwamba jambo linaendelea. Cha pili husema linaendelea kuelekea mwisho unaojulikana. Paq vIlaDtaH ni "ninasoma kitabu", pengine kwa kupitisha muda. Paq vIlaDlI' nayo ni "ninasoma kitabu", lakini kurasa zinapungua na mwisho unakuja. Fundi anayepandisha ukuta hadi kwenye lenta anastahili -lI'. Mlevi anayezunguka mitaa usiku kucha anastahili -taH.

Ukivipanga viambishi vyote vinne, unapata jedwali safi. Upande mmoja kuna -taH na -pu', visivyojali lengo. Upande wa pili kuna -lI' na -ta': lengo lipo, linakaribiwa au limefikiwa.

Sauti za "injini tu" ziligeuka kuwa "nilitaka wafungwa"

Katika filamu ya 1984, kamanda wa Kiklingoni anakasirika baada ya mpiga mizinga wake kulipua meli nzima ya adui. Maneno yalipopigwa picha yalikuwa na jonta' neH, "injini tu", yaani aliagiza ipigwe injini peke yake. Baadaye maandishi ya chini ya picha yalibadilishwa ili kamanda aseme kwamba alitaka wafungwa. Mwigizaji alikuwa ameshasema, na midomo yake haikuweza kubadilishwa.

Okrand aliziacha sauti zile zile akazichambua upya. Jonta' ikakatwa vipande viwili: jon, "teka", na -ta', kiambishi cha tendo lililokusudiwa likatimia. NeH ikapewa maana ya pili, "taka". Pamoja na qama'pu', "wafungwa", sentensi ikasimama. Hadi leo kamusi ya Kiklingoni ina jonta' kwa maana ya injini, na neH kwa maana mbili zisizohusiana, "tu" na "taka".

Mwenye macho makali ataona pia kuwa qama'pu' inaishia na -pu'. Hiyo si ile ya kukamilika kwa tendo. Ikikaa kwenye nomino, -pu' ni alama ya wingi wa viumbe wenye uwezo wa kuzungumza. Vitu vya kawaida huchukua -mey, na viungo vya mwili huchukua -Du'. Wasemaji wa lugha yenye ngeli hawatalishangaa hilo.

Mklingoni hana njeo kabisa

Pamoja na wingi huo wa viambishi, hakuna hata kimoja cha wakati uliopita, uliopo au ujao. Sop peke yake yaweza kuwa "alikula", "anakula" au "atakula". Anayetaka kutaja siku husema wa'Hu', "jana", DaHjaj, "leo", au wa'leS, "kesho". Kitenzi kinaeleza tendo limefika wapi. Kalenda imeachiwa maneno mengine.

Viambishi tamati hukaa kwa foleni ya nafasi tisa

Nyuma ya mzizi wa Kiklingoni kuna nafasi tisa zenye mpangilio maalumu, na kila nafasi hupokea kiambishi kimoja tu. Hali ya tendo, tuliyoiona juu, iko katika nafasi ya saba. Nafasi ya pili ndiyo ya moyo wa mtenda. JISopnIS ni "nahitaji kula". JISopqang ni "niko radhi kula". JISoprup ni "niko tayari kula".

Hapo kuna tofauti ndogo yenye maana kubwa. -rup ni utayari wa kiumbe mwenye akili. Mashine iliyowekwa sawa ikisubiri kuwashwa ina kiambishi chake, -beH, kwa sababu chombo hakiamui kuwa tayari; huandaliwa.

Katika nafasi hiyo hiyo kimo -vIp, "ogopa". SopvIp ni "anaogopa kula". Sarufi inamruhusu msemaji kukitumia katika nafsi yoyote, lakini kamusi inaonya kwamba ni mwiko wa kitamaduni kukiunganisha na "mimi" au "sisi". Mklingoni anaweza kusema wewe unaogopa, wala hakosei. Kusema "naogopa" ni aibu. Si lugha nyingi ambazo mwongozo wake wa sarufi unakataza nafsi moja kwa sababu ya heshima ya ukoo.

Kikanushi -be' hakina nafasi maalumu. Hukaa nyuma ya kile kinachokanushwa. JISopqangbe' ni "siko radhi kula". JISopbe'qang ni "niko radhi nisile". Mtu wa kwanza anagoma, wa pili anafunga. Kuhamisha silabi moja kumetenganisha ukaidi na hiari.

Vaa na vua za Kiklingoni

Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, vaa na vua. Kiklingoni kina -Ha', kinachofanya kazi hiyo hiyo. TuQ ni "vaa", yaani kuwa na nguo mwilini. TuQmoH ni "visha". TuQHa'moH ni "vua". Wakati mwingine -Ha' humaanisha kufanya jambo kombo: yaj ni "elewa", yajHa' ni "elewa vibaya".

Mahali kiambishi hiki kinapochekesha ni kwenye mapenzi. MuS ni "chukia". MuSHa', kwa hesabu ya vipande, ni kutendua chuki, na ndicho kitenzi cha kupenda. Basi qamuSHa' ni "nakupenda", huku qa- peke yake ikibeba "mimi" na "wewe" kwa pamoja. Sisi tungegawa kazi hiyo kwa viambishi viwili, ni- na -ku-.

Kiambishi -moH nacho ni jamaa wa karibu wa kauli yetu ya kutendesha. Ghoj ni kusoma kwa maana ya kujifunza, na ghojmoH ni kumsomesha mtu. Kiswahili kimekwenda njia mbili hapo: soma huzaa somesha kwa mtindo wa Kiklingoni, lakini jifunza imezaliwa kinyumenyume, kutoka funza kwa kuongezewa ji-, kana kwamba mwanafunzi ni mwalimu wa nafsi yake.

Kinavi hupasua mzizi na kuingiza azma ndani

Kiswahili hupanga viambishi mbele na nyuma ya mzizi, nao mzizi hubaki mzima. Lugha ya Na'vi, iliyotungwa na mwanaisimu Paul Frommer kwa filamu ya Avatar ya 2009, huupasua. Mzizi taron, "winda", una milango miwili, mmoja baada ya t- na mwingine baada ya -ar-.

Mlango wa kwanza ni wa wakati na hali ya tendo. Teraron ni kuwinda kunakoendelea. Tolaron ni kuwinda kulikokamilika. Tamaron ni "aliwinda", na tìmaron ni "amewinda sasa hivi". Tayaron ni "atawinda", na tìyaron ni "yuko mbioni kuwinda".

Lakini wakati ujao una toleo la pili. Badala ya -ay-, msemaji anaweza kuchomeka -asy-, akapata tasyaron: si utabiri kwamba uwindaji utatokea, bali tamko kwamba ameazimia kuwinda. Kiswahili huiachia sauti na muktadha kazi hiyo. "Nitakuja" ya mdaiwa na "nitakuja" ya mama mzazi zimeandikwa sawa.

Mlango wa pili ni wa hisia za msemaji. Tareion ni kuwinda kunakomfurahisha anayesimulia. Tarängon ni kuwinda kunakomkera. Milango yote miwili inaweza kujazwa kwa wakati mmoja: tolareion ni uwindaji uliokamilika, na msimuliaji kafurahi.

Kiesperanto kina "vunja" na "vunjika"

Ludwik Zamenhof, daktari wa macho aliyezaliwa Białystok 1859, alichapisha Kiesperanto mjini Warsaw mwaka 1887. Alitaka viambishi vichache visivyo na vighairi. Viwili kati yake vitamfanya Mswahili ajisikie nyumbani: -ig- na -iĝ-.

Morti ni kufa, mortigi ni kuua, yaani kufisha. Bruli ni kuungua, bruligi ni kuunguza. Hicho ni kitendesha. Kwa upande wa pili, rompi ni kuvunja na rompiĝi ni kuvunjika. Mi rompis la glason inamtaja mkosaji. La glaso rompiĝis inamstiri, kama tunavyosema "glasi imevunjika". Scii, "jua", huzaa sciigi, "julisha", na sciiĝi, "kupata kujua". Mwanzo wa tendo huonyeshwa kwa ek-: dormi ni kulala, ekdormi ni kushikwa na usingizi.

Agosti 2024 Waesperanto kutoka nchi mbalimbali walikutana Arusha kwa Kongamano la Dunia la lugha yao, la 109. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kongamano hilo kufanyika barani Afrika.

Waesperanto waligombana miaka mingi juu ya herufi moja

Kwa kauli ya kutendwa Kiesperanto kina -at- na -it-. Wote walikubaliana kwamba estis konstruata ni "ilikuwa ikijengwa" na estis konstruita ni "ilikuwa imejengwa". Balaa lilianza na sentensi kama "Zamenhof alizaliwa 1859". Je, ni naskata au naskita?

Kundi moja lilisema viambishi hivi ni vya wakati: kwa kuwa kuzaliwa kulitokea 1859 hasa, si kabla yake, lazima iwe -at-. Kundi la pili lilisema ni vya hali ya tendo: kuzaliwa ni tendo lililotimia, kwa hiyo ni -it-. Makala na majibu ya makala yalirushwa huku na huku hadi Akademia ya Esperanto ilipotoa uamuzi mwaka 1967, ukaliegemea kundi la hali ya tendo. Zamenhof alidhani lugha isiyo na vighairi haitakuwa na cha kugombania. Tofauti kati ya lini jambo lilitokea na limefikia wapi ilimtoroka.

Volapük ilipanga wakati wote kwa irabu

Kabla ya Kiesperanto, padri Mkatoliki wa Ujerumani Johann Martin Schleyer alikuwa ameshatangaza Volapük, mwaka 1879 na 1880. Yeye aliweka wakati mbele ya mzizi, kama sisi. Löfob ni "napenda". Älöfob ni "nilikuwa nikipenda". Elöfob ni "nimependa". Ilöfob ni "nilikuwa nimependa". Olöfob ni "nitapenda". Ulöfob ni "nitakuwa nimependa". Kutendwa huonyeshwa kwa p- hapo hapo mbele: palöfob ni "napendwa". Kwa anayezisoma kwa macho ni mpango mzuri. Kwa anayezisikia sokoni, tofauti ya irabu moja ya mwanzo ndiyo inayotenganisha mchumba na mjane.

Lojban ina neno la tendo lililopitiliza

Lojban ilianza kujengwa Marekani mwaka 1987 juu ya misingi ya mantiki. Haitumii viambishi kwa hali ya tendo bali vijineno vinavyotangulia kitenzi, lakini vijineno hivyo vimepimwa kwa umakini wa fundi cherehani. Mo'u husema tendo limefika mwisho wake wa kawaida. Co'u husema limekatishwa kabla ya kufika. Za'o husema limepita mwisho wake na bado linaendelea.

Hotuba ya mgeni rasmi iliyomalizika ni mo'u. Iliyokatizwa na mvua ni co'u. Ile ambayo hoja zake zimekwisha na msemaji angali amekamata kipaza sauti ni za'o, na kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la mkutano anaijua hata kama hajapata jina lake.

Kuna lugha inayotofautisha kikohozi na kikohozi

John Quijada alikuwa mfanyakazi wa idara ya magari ya jimbo la California. Nje ya kazi alijenga Ithkuil, aliyoitoa hadharani mwaka 2004, lugha yenye hali za tendo zaidi ya thelathini. Mamlaka ya mtenda ameyaweka kwenye nomino. Aliyekohoa kwa kuwashwa koo anapewa umbo moja la jina, umbo la mtu aliyepatwa na jambo bila kupenda. Aliyekohoa ili mwenzake anyamaze anapewa umbo jingine, la mtu aliyejitendea kwa hiari. Wasikilizaji hawana haja ya kumtazama usoni.

Ithkuil haikukusudiwa kuongelewa mezani. Quijada mwenyewe aliitazama kama jaribio la kuona lugha inaweza kubana maana kiasi gani.

Wabunifu hawakuanzia patupu

Kabla ya kuandika Kiklingoni, Okrand aliandika tasnifu ya udaktari, mwaka 1977, kuhusu sarufi ya Mutsun, lugha ya wenyeji wa asili wa California. Alikuwa akijua vizuri kwamba lugha za dunia hazifanani na Kiingereza.

Kaskazini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, na bara ya karibu yake, kuna lugha za Kisalishi. Mwanaisimu Laurence Thompson alionyesha mwaka 1979 kwamba mamlaka juu ya tendo ni mhimili wa sarufi ya lugha hizo. Kitenzi kinaweza kuchukua umbo la mtenda aliyelishika tendo, au la mtenda aliyelifanya kwa bahati, kwa taabu au kwa kuponyokwa.

Kitagalogi cha Ufilipino kinafanya hivyo kwa viambishi vya mwanzo na vya ndani. Binasag niya ang baso: ameivunja glasi kwa kutaka. Nabasag niya ang baso: ameivunja kwa bahati mbaya. Katika Kibatsi, kinachozungumzwa katika kijiji cha Zemo Alvani huko Georgia, anayesema "nimeanguka" huchagua umbo la "mimi": moja kama ameanguka kwa uzembe wake, jingine kama hakuwa na la kufanya.

Ajali na uwezo hukaa nyumba moja, Kiswahili kikiwemo

Hili ndilo la ajabu kuliko yote. Katika lugha nyingi kiambishi cha "kwa bahati mbaya" ndicho hicho hicho cha "inawezekana". Katika St'át'imcets, lugha ya Kisalishi ya British Columbia, kiambishi kinachozunguka kitenzi, ka- mbele na -a nyuma, humaanisha "bila kukusudia" na pia "kuweza". Naka- ya Kitagalogi ni hivyo hivyo. Kimalei kina ter-: tidur ni kulala, tertidur ni kupitiwa na usingizi, na tidak terangkat ni "haubebeki".

Naam, haubebeki. Kiambishi chetu -ik- kina tabia ile ile. "Glasi imevunjika" ni tukio lisilo na mtenda. "Barabara inapitika", "chakula hakiliki", "mzigo haubebeki" ni habari za uwezekano. Lugha hizi hazina undugu wa karibu na Kiswahili, na bado zimefika mahali pamoja. Sababu inaeleweka: katika ajali na katika uwezekano, matokeo hayamo mikononi mwa mtenda peke yake. Glasi ina udhaifu wake, barabara ina mashimo yake, mzigo una uzito wake.

Kiklingoni kimekosa muungano huo. Nafasi yake ya tano ina -lu', cha mtenda asiyetajwa, na -laH, cha uwezo. Kamusi inakiri kwamba viwili hivyo havina uhusiano wowote zaidi ya kugawana nafasi. Kwa kuwa nafasi moja hupokea kiambishi kimoja, sarufi ya msingi haina njia ya kuviunganisha kusema "kinalika". Alichokipata Mswahili kwa -ik- moja, Mklingoni anakizunguka.

Kiswahili kilisikika Star Trek kabla ya Kiklingoni

Kipindi cha kwanza cha Star Trek kurushwa kwenye televisheni, tarehe 8 Septemba 1966, kilikuwa na mazungumzo mafupi ya Kiswahili. Aliyezungumza ni Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina la mhusika huyo limetokana na "uhuru". Filamu yenye maneno ya Kiklingoni ilikuja miaka 13 baadaye.

Kiswahili kilitajwa tena David Peterson alipounda Kidothraki kwa tamthilia ya Game of Thrones, iliyoanza 2011. Watayarishaji walieleza kwamba lugha hiyo ilipata msukumo kutoka Kirusi, Kituruki, Kiestonia, Kiinuktituti na Kiswahili.

Na iko moja iliyobuniwa na Mwafrika kwa ajili ya Waafrika. Kumi Attobrah wa Ghana alipata wazo lake mwaka 1967, akachapisha kitabu chake 1970. Aliiita Afrihili, kwa kuunganisha Afrika na Kiswahili, na msamiati wake aliuchota kwenye lugha nyingi za bara hili.

Toki Pona imevitupa viambishi vyote

Sonja Lang wa Kanada aliitoa Toki Pona mwaka 2001. Ina maneno yapatayo 120 na vitenzi vyake havinyambuliki hata kidogo. Moku ni kula, alikula, atakula, chakula. Kama mtu alikusudia au hakukusudia, ni lazima useme kwa maneno mengine au unyamaze. Mwaka 2022 lugha hiyo ilipewa alama rasmi katika orodha ya kimataifa ya lugha, ishara kwamba watu huishi nayo vizuri bila kiambishi hata kimoja cha kuwashtaki.

Kiambishi ambacho Mklingoni hana

Kiklingoni kinaposema "bado" kwa kukanusha, hutumia neno la pekee, wej, ambalo pia ni namba tatu. Kiswahili kimeliweka jambo hilo ndani ya kitenzi: -ja-. "Hakula" ni habari ya jambo ambalo halikutokea, na limepita. "Hajala" ni habari ya jambo ambalo halijatokea lakini linangojwa.

Kungojwa na nani? Hapo ndipo -ja- inapopita kipimo cha wakati na kugusa mamlaka. Anayesema "mimi siolewi" ametamka uamuzi wake. Shangazi akisema "bado hajaolewa" ameshapanga kwamba ndoa itakuja, wala hakumuuliza mwenyewe. Okrand alitengeneza kiambishi cha nia ya mtenda. Cha nia ya jamaa zake alituachia sisi.